Ndege ya Muhogo, Kutoka Dar es Salaam Hadi Kairo

Jamaa zangu wa Mtwara, leo nimejiaibisha mbele ya kambi nzima ya wapigania uhuru huku msituni. Someni taratibu, na midomo muifunge.

Mnamkumbuka Mama Atija, yule anayebeba mizigo kutoka mtoni. Tangu mwanawe Saidi apelekwe Kairo kusoma, chakula hakimpiti kooni. Asubuhi, katikati ya somo la herufi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo Kairo ni mbali kama wapi? Saidi atarudi, au ndiyo nimeshamzika?"

Swali gani hilo! Nikaziacha herufi, nikachora Afrika mchangani. Jiwe moja Dar es Salaam, jingine Kairo. Nikawaeleza: umbali ni kitu kimoja, muda wa safari ni kingine. Njia ileile, mwenye baiskeli hufika kabla ya mwenda kwa miguu. Ndege ndiyo kabisa. Haizunguki bwawa, haingoji giza ndipo ivuke barabara (kama sisi). Dar hadi Kairo ni karibu kilomita elfu nne, na ndege kubwa huzimaliza kwa saa tano hivi.

"Saa tano?" Mama Atija akakunja uso. "Mimi nikienda kwa dada yangu Pundanhar nalala njiani mara mbili!"

"Ndivyo, mama."

"Kwa hiyo Saidi yuko karibu kuliko dada yangu?"

"Kwa muda, ndiyo. Kwa umbali, hapana." (Nilijiona kama niliyeijenga Kairo mwenyewe.)

Nikachukua muhogo, nikaufanya ndege, nikaurusha kutoka jiwe la Dar.

"Mbona ndege yako bubu?" akauliza.

Haya! Nikavuta pumzi, nikanguruma. Sauti yangu mnaijua. Nikapita Nairobi. Nikiwa juu ya Khartoum, mlinzi nyuma ya kichaka akagonga chuma. Ndege! Ndege!

Kambi ikatawanyika. Jikoni walisikia bila kuona, wakaumwagia moto maji ili moshi usituchongee kwa ndege za adui na mabomu yao. Katika purukushani, sufuria ya ugali wa watu wote ikapinduka mchangani. Na mimi? Nilitupa muhogo nikarukia handakini. Wa kwanza! Nikajikunyata, nikachungulia mbingu.

Mama Atija akaniangukia ubavuni. "Unaiona?"

"Bado," nikanong'ona. "Inama, mama, huenda inazunguka."

Akatega sikio. Kisha akasema, "Mwalimu, ndege hii mbona imenyamaza tangu ulipoingia wewe humu?"

Toba!

Nilipoinua kichwa, Bi Amina mpishi alikuwa amesimama ukingoni, mwiko mkononi. "Kamarada Ndege, toka uje ule mchanga wako."

Mama Atija alicheka hadi akashika mbavu. Akatoka, akauokota muhogo wangu, akaupangusa, akaumaliza wote, huku akiuliza ndege za Kairo huondoka saa ngapi.

Basi nawaomba msinicheke. Yeye amekwisha kunicheka kwa niaba yenu, na ndiye peke yake aliyeshiba leo.