Matsuro Atoke Kabla ya Sabiko

"Wananchi wa Arua, wananchi wa Koboko, na ninyi mnaopita tu! Serikali imekaa, imefikiri, imekunywa chai, na sasa inawatangazia kwamba ugomvi wa Matsuro na Sabiko umekwisha. Kuanzia leo, mkubwa kwanza! Narudia: mkubwa kwanza!"

Tangazo hilo zito lilitoka kwenye kipaza sauti cha Idara ya Mwendo na Heshima ya Barabarani. Kipaza sauti kilishikwa na mwenyekiti wa idara, Bwana Celestino Ezati, kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulishika baiskeli. Idara iliyosimamia magari yote haikuwa na gari hata moja, na Bwana Ezati alikuwa na maelezo yake: msimamizi akiwa na gari ataanza kuyapendelea magari. Alisema hivyo kila alipopanda kilima akihema.

Ugomvi wenyewe ulianza hivi. Mwaka ule wa tisini na moja watu walikuwa wamesharudi kutoka uhamishoni Zaire na Sudani, masoko yameamka, na kila aliyefanikiwa kujaza magunia mawili ya muhogo alianza kuota pikapu. Kampuni moja ya Japani ikanusa ndoto hizo. Ikamhurumia mnunuzi wa Arua, ikaona asije akakosa cha kuchagua, ikamletea pikapu mbili. Ya kwanza iliitwa Matsuro, ikapewa yadi ya Draku. Ya pili iliitwa Sabiko, ikapewa yadi ya Mama Keji, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo Draku akipiga chafya Mama Keji anamwombea afya.

Injini ileile. Bodi ileile ya mizigo. Bei zilitazamana bila aibu. Matsuro ilikuwa na taa za mviringo, Sabiko taa za pembe nne na redio. Basi.

Kampuni ilifikiri kwamba mnunuzi akikataa hii ataangukia ile. Haikuwajua watu wetu. Mzee Pitia, mkulima wa tumbaku kutoka Lobule, alikuja amejiandaa kabisa, amevaa koti.

"Mzee, hii Matsuro ni mwanaume," Draku alimwambia, akipiga bodi kofi. "Shimo ikiona hii, inajifunika yenyewe."

Mzee Pitia akavuka barabara.

"Matsuro? Iko mzuri sana," Mama Keji alisema kwa upole. "Mimi hapana semea mutu vibaya. Lakini Matsuro ikilala usingizi, inaota iko Sabiko."

Mzee Pitia akavuka tena. Draku akampa soda. Akavuka tena. Mama Keji akampa soda na kiti. Mpaka jua linapinda, mzee alikuwa ameshiba soda, ameyajua magari yote mawili kama wajukuu zake, na akarudi Lobule kwa baiskeli aliyokuja nayo ili akafikirie mpaka mavuno mengine. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Kampuni moja ilikuwa inajipora mteja kwa mkono huu na kwa mkono ule, na mteja anapita katikati anakwenda zake.

Hapo ndipo serikali ilipoingilia kati. Bwana Ezati aliunda Kamati ya Usuluhishi wa Magari ya Nyumba Moja. Kamati ikamwita Wani fundi, ikamwamuru aingie chini ya Matsuro, kisha chini ya Sabiko, atoe taarifa ya kitaalamu. Wani akatoka na mafuta puani.

"Mama moja, baba moja," alisema. "Ukitaka, hata kitovu naonyesha."

"Kwa hiyo ni ndugu?" akauliza Bwana Ezati.

"Dada na dada, mkubwa."

Kamati ikaweka kalamu chini. Kama ni dada na dada, basi hakuna tena la kubishania. Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba mdogo hatoki nyumbani kabla ya mkubwa wake. Ukimwoa mdogo, mkubwa amekaa anakutazama, umewatukana wazee wote wa ukoo. Uchumi ungewezaje kusonga mbele wakati mila inatukanwa barabarani mchana kweupe?

Likabaki swali la nani mkubwa. Magari yote mawili yakawashwa asubuhi na baridi. Matsuro ikakohoa, ikatetemeka, ikakohoa tena, ndipo ikaamka. Sabiko ikacheka mara moja. Kamati ikapitisha bila kupingwa kwamba anayekohoa kabla ya kuamka ndiye mwenye umri.

Ndivyo ulivyozaliwa Mwongozo wa Utokaji. Ulisema hivi kwa ufupi: hakuna mwananchi kuchukua Sabiko mpaka Matsuro zote zitoke. Mdogo aliyetoka kimakosa atarudishwa nyumbani mara moja, mpaka mkubwa wake apate mwenyewe. Na serikali, kwa kuwa haina umri, haihusiki. Kipengele hicho cha mwisho kilitoka mfukoni mwa mwenyekiti mwenyewe wakati pombe ya kwete imeshafika mezani, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa bila kuondoa vinywa kwenye vikombe.

Sasa, kwa nini serikali iwe na haraka ya kusamehewa? Yadi ya Draku ilijaa Matsuro. Yadi ya Mama Keji ilibakiwa na Sabiko moja tu, ya buluu. Na Bwana Ezati alikuwa ameshaipa moyo wake. Maombi ya gari la idara yalikuwa yamepanda juu kusubiri sahihi, na yeye alichohitaji ni kwamba mtu asiiguse ile buluu mpaka sahihi ishuke.

Tena alikuwa na haraka. Jumapili kulikuwa na karamu Ajia, kwa baba mkwe wake, Mzee Drani. Mzee Drani hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mdomo. Tangu Bwana Ezati amwoe binti yake Candiru, mzee hakuwahi kumwita mwenyekiti. Alimwita Kengele, kwa sababu kila alipokuja ilisikika kwanza ile kengele ya baiskeli, ngiri-ngiri, kisha ndiyo mkwe anatokea, jasho mpaka kwenye soksi. Watoto wa Ajia nao walishalijua jina.

"Jumapili hii," alimwambia Candiru, "utakaa mbele. Vioo chini, redio juu. Tuone nani ataitwa Kengele."

Candiru alikuwa anachambua maharage. "Nitaamini nikikalia," alisema.

Alhamisi, mtu akaiomba ile buluu.

Alikuwa Mindra, mfanyabiashara wa Koboko, muuza vitenge na muhogo mkavu. Alikuwa amechoka na malori ya kukodi. Wiki hiyo tu dereva mmoja alishusha magunia yake njiani, Midia, kwenye mvua, akapakia mbuzi wa jamaa yake. Muhogo ukaota ndevu. Mindra akasema imetosha, akaja Arua kutafuta gari lake mwenyewe. Kuendesha alijua. Alijifunza kule uhamishoni Yei, kwenye lori lisilo na breki, na namna yake ya kuendesha ilibaki palepale.

Mama Keji akamweleza Mwongozo. Mindra akasikiliza mpaka mwisho, akaenda moja kwa moja ofisini. Hakugonga mlango. Hakuwa na sababu ya kugonga. Alikuwa dada yake Candiru, mkubwa wake kwa tumbo lilelile.

"Shemeji," alisema, "nataka Sabiko."

"Mwananchi," alijibu Bwana Ezati, akifunga kifungo cha juu cha shati, "ombi lako limepokelewa, limechunguzwa na limekataliwa. Kuna Matsuro za kutosha. Chukua Matsuro."

"Hapana taka Matsuro."

"Sababu?"

"Naipenda Sabiko. Wewe ulipofika kwa baba, mimi nimekaa pale mlangoni, ukanipita ukamchukua Candiru. Kuna mutu alikuuliza sababu?"

Karani wa nje akakohoa kama Matsuro.

"Hayo ni mambo ya nyumbani," Bwana Ezati alisema haraka. "Hapa tunazungumzia magari. Mwongozo umesimama juu ya mila, shemeji. Mkubwa kwanza."

"Mila ya nani?"

"Yetu sote."

"Ya magari tu, ama na ya watu?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini Bwana Ezati aliona dirishani watu wamejaa wakisikiliza, na kiongozi akiona dirisha limejaa, mdomo unafunguka wenyewe.

"Ni ya watu ndipo ikawa ya magari!" alisema. "Sheria haichagui, iwe chuma au nyama!"

"Sawa," akasema Mindra. "Andika hapo kwamba nimesema sawa."

Akaenda Ajia.

Jumamosi asubuhi Mzee Drani aliingia ofisini na fimbo yake, Mindra nyuma yake, na nyuma ya Mindra nusu ya soko. Mzee akakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, akavua kofia.

"Kengele," alisema, "hujambo?"

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia serikali imerudisha mila. Nimefurahi sana, hata nimekuja kwa miguu. Sisi watu wa zamani tulidhani serikali imetusahau. Sasa nieleze vizuri: mdogo akitoka kimakosa kabla ya mkubwa?"

"Anarudishwa nyum..." Bwana Ezati akaishia hapo.

"Sema, mkubwa!" mtu akapiga kelele dirishani. "Tumia ile spika!"

"Nyumbani," Mindra akamalizia. "Mara moja. Mpaka mkubwa wake apate mwenyewe."

"Baba," alisema Bwana Ezati, na Kiswahili cha ofisini kikamtoroka chote. "Baba, hiyo iko maneno ya gari!"

"Chuma au nyama, ulisema. Mashahidi wako hapa." Mzee akanyoosha fimbo dirishani, na dirisha likaitikia. "Candiru nimeshamchukua. Yuko njiani Ajia na kuku zake. Sikukasirika hata kidogo, nafuata Mwongozo tu. Mindra akiolewa, Candiru atarudi."

Bwana Ezati akamgeukia Mindra kwa matumaini makubwa. "Shemeji, na wewe utaolewa lini?"

Mindra akafikiri kwa dhati. "Mimi? Sina haraka. Niko na biashara. Labda nikizeeka, nikikosa kazi ya kufanya."

"Serikali haihusiki!" Bwana Ezati akapiga meza. "Kipengele kipo! Serikali haina umri!"

"Ni kweli," Mzee Drani alisema. "Lakini serikali haikumwoa binti yangu. Aliyemwoa ni Celestino, alikuja na baiskeli."

Usiku ule idara ilijipikia yenyewe, na ugali wa enyasa ukaungua. Kamati haikuweza kuitwa. Wajumbe waliposikia habari walipata misiba ya ghafla, kila mmoja kijijini kwake. Zaidi ya hapo, kesho ilikuwa karamu, na Bwana Ezati aliwaona akilini watoto wa Ajia wote wamejipanga njiani, wanamsubiri Kengele anayekuja kumtafuta mke.

Jumapili mapema alimkuta Mindra yadini kwa Mama Keji, ameegemea ile buluu.

"Nakubali," alisema chinichini. "Chukua."

"Nachukuaje? Sheria iko. Mimi mutu ya sheria. Tangaza kwanza."

"Nitatangaza kesho, taratibu za..."

"Hapa. Kwa ile mashine yako."

Draku akatoka kusikiliza. Waumini waliokuwa wanaenda kanisani wakasimama. Bwana Ezati akainua kipaza sauti.

"Wananchi. Serikali, baada ya uchunguzi wa kina, imegundua kwamba mkubwa na mdogo... wako sawa. Kila mtu achukue anayempenda. Mwongozo umepumzishwa kwa heshima zote."

"Na aliyerudishwa?" akauliza Mindra.

"Na aliyerudishwa... anaombwa arudi." Akashusha kipaza sauti, kisha akakiinua tena. "Anaombwa sana."

Mama Keji akampa Mindra ufunguo. Sabiko ikacheka mara moja. Draku, aliyesikia "kila mtu achukue anayempenda", akaanza palepale kuwaeleza waumini kwamba Matsuro ndiyo pikapu pekee iliyowahi kuitwa mkubwa na serikali, na kabla ya kengele ya kanisa alikuwa amempata mnunuzi wa kwanza.

"Unaenda Ajia, shemeji?" Mindra akauliza. "Panda."

Bwana Ezati akafungua mlango wa mbele. Mbele alikuwa ameshakaa Mama Keji, naye kaalikwa, na shada la maua ya karamu, na sahani za kuazima.

"Nyuma kuna nafasi," Mindra alisema. "Leta na baiskeli."

Ajia, Mzee Drani alikuwa amekaa na wageni wake wakati gari lilipoingia kwenye mashimo ya chini ya kilima. Kabla halijaonekana, kabla hata injini haijasikika vizuri, upepo ulileta sauti nyembamba, ngiri-ngiri, ngiri-ngiri-ngiri, kila shimo na mlio wake.

"Wekeni maji ya kunawa," mzee alisema. "Kengele amefika."

Jioni Candiru alikubali kurudi Arua. Alikaa mbele, kama alivyoahidiwa, Mama Keji kando yake. Vioo vilikuwa chini, kama alivyoahidiwa. Nyuma, kati ya kuku, baiskeli na sahani, alikaa mwenyekiti wa Idara ya Mwendo na Heshima ya Barabarani, ameshika bodi kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mkono wa pili. Mindra alikuwa anaendesha kama Yei. Tangazo la mwisho la idara lilisikika kuanzia Ajia mpaka mjini, na wananchi wote waliotoka majumbani walilielewa bila tafsiri:

"Shemeji, shimo! Shimo mbele, shemeji! Shemeji!"

Candiru akanyoosha mkono, akaongeza redio.