Kikosi cha Mwendo, Daraja la Tshopo

Julai 1964, redio ya Stanleyville ilitangaza kwamba adui namba moja wa mkoa amejulikana. Waasi walikuwa wameshachukua mji wa Kindu, lakini adui hakuwa wao. Adui alikuwa mwendo wa kasi. Mwisho kilomita kumi na tano kwa saa, basi.

Kikaundwa Kikosi cha Usimamizi wa Mwendo, chenye polisi mmoja: Wenceslas, mtu mnyoofu aliyependa sheria kama wenzake walivyopenda bia. Kamishna Alphonse alimkabidhi saa ya kupimia mbio, akamficha nyuma ya kichaka chini ya mteremko wa daraja la Tshopo, pale ambapo baiskeli hushuka yenyewe hata usipokanyaga. Mwenye kosa angekaa kwenye benchi saa mbili, mpaka kasi imtoke mwilini.

"Na gari za serikali, mon commissaire?"

"Gari ya serikali haina mwendo, Wenceslas. Iko na haraka. Ile ni kitu ingine."

Wenceslas akaliandika neno hilo.

Siku ya nne alimkamata Mama Florentine, mkunga, baiskeli ikimkimbiza.

"Papa polisi, mutoto iko anatoka!"

"Umepita mbio, mama. Ikala kwa benchi."

"Frein imekufa, haikamate tena! Mulima ndiyo inanisukuma!"

"Mulima haina plaque ya namba, mama. Wewe ndiyo uko nayo."

Mtoto akapokelewa na jirani muuza samaki. Alikuwa mzima, bahati tu. Kesho yake Florentine alirudi, hakupiga kelele. "Mama yake alikuwa anaita jina yangu saa mbili nzima. Andika na hiyo." Wenceslas akaitafuta nafasi yake kwenye fomu, hakuiona.

Mapema Agosti, benchi likiwa limejaa, na Florentine yumo tena, milio ya bunduki ilisikika mjini. Gari jeusi likateremka, kamishna kwenye usukani, magodoro juu yake. Wenceslas akasimama katikati ya barabara. Gari likasimama kwa shida, naye akachomoa ufunguo.

"Sekunde saba kwa mita mia, mon commissaire."

"Mujinga! Hii ni gari ya serikali!"

"Serikali imeruka asubuhi na avion. Donc hii ni gari ya mutu tu."

Kamishna alitazama nyuma, akatazama ule ufunguo, akaenda kuketi kwenye benchi. Akina mama wakasogea wampe nafasi.

Haukupita muda, waasi wakatokea kwa miguu, wamechoka. Wenceslas akawapimia: sekunde themanini na mbili. Hawakuwa na kosa. Akawapigia saluti.

"Wakubwa wa serikali wako wapi?" kiongozi wao akauliza.

Wenceslas, ambaye hakuwahi kusema uongo, akafungua mdomo. Florentine akamtangulia: alikuwa ameshamfunika kamishna kitenge, mpaka kichwani.

"Hatujui, papa. Sisi tuko na huyu mwenye mimba."

Kiongozi akalikagua lile tumbo. Lilikuwa tumbo la miaka minne ya uhuru.

"Mapacha?"

"Watatu."

"Basi mumupeleke mbio!"

Florentine akamkalisha nyuma ya baiskeli, akaisukuma kwa mkono, akapita katikati ya jeshi zima la waasi, hatua kwa hatua.

"Mama, kanyaga, nakuomba," kitenge kikanong'ona.

"Pole pole, mon commissaire. Polisi anatuangalia."

Nyuma yao, Wenceslas alibonyeza saa yake.