Vita vya Mwenyeji na Mtandao Uliotambaa

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na nafasi ya kuyatumia! Nyamazisheni watoto, zimeni redio, na aliye na kofia aivue, kwa maana leo zinasimuliwa habari za vita vilivyoitikisa nyumba moja tangu sebuleni hadi jikoni, vita ambavyo kijana mmoja aliingia peke yake, akaweka rehani jina lake na kitanda chake, akapambana na adui asiyeonekana, asiyeshikika, wala asiyejibu akitukanwa. Vizazi vitakapowauliza wazee wa nyumba hiyo walikuwa wapi saa ile, watajibu kwa fahari.

Kwa kweli watajibu kwamba walikuwa wakijinyoosha baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, na shujaa mwenyewe alivipigana vita vyote akiwa ameketi kitandani, mto mgongoni, soksi mguu mmoja.

Shujaa huyo wenzake walimwita Mwenyeji, nasi tumwite hivyo hivyo, maana jina alilopewa na wazazi halina kishindo. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na huko bwenini alikuwa mtawala wa kitanda cha dirishani. Asiyewahi kulala bweni moja na vijana arobaini na viatu vyao hawezi kujua maana ya kitanda cha dirishani. Wengine wote wanavuta harufu. Mwenye kitanda hicho peke yake ndiye anayevuta hewa.

Lakini hakuna ufalme usio na kodi. Sheria ya bweni, iliyotungwa na wenyewe kwa kelele nyingi, ilisema kwamba mwenye kitanda cha dirishani ndiye mwenyeji wa mchezo wakati wa likizo. Mchezo ukimwangukia mara tatu katika siku moja, kitanda kimemtoka. Na akimsingizia mgeni wake kosa ambalo si lake, hata kwa neno moja, kitanda kinahamia kwa aliyesingiziwa, na hakuna rufaa. Mwenyeji aliiunga mkono sheria hiyo kwa mikono yote miwili, kwa kuwa alikwisha kulitangazia bweni zima kwamba mtandao wa kwao unakimbia kiasi kwamba picha hufika kabla hujaiomba.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mbio za malori yaliyosheheni mayai, milimani, kwenye barabara ya vumbi. Anayefika na mayai mengi ndiye bingwa. Kompyuta ya mwenyeji hubeba kila kitu, milima, mashimo na mayai yenyewe, na wengine, kila mmoja kwao, huingia humo kupitia mtandao kama wageni waingiavyo nyumbani. Mlango wa mwenyeji ukiwa mwembamba, wageni wote wanakwama kizingitini.

Na wageni walikuwa watatu. Alikuwepo Kengele, ambaye hajapata kunong'ona tangu azaliwe. Alikuwepo Mnyamavu, mwenye kuamini kwamba neno "mm" linatosha kwa shughuli zote za dunia. Na alikuwepo Mhandisi, aliyepata jina hilo siku alipofungua pasi ya bweni ili aitengeneze, akaifunga, zikabaki skrubu tatu. Likizo hii Mhandisi alikuwa kwa shangazi yake, nyumba ambayo mtandao hushika mahali pamoja tu, kizingiti cha mlango wa nyuma; basi akawa anacheza akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuku wakimpita miguuni.

Baragumu likalia, yaani kompyuta ikafanya "tii". Malori manne yakanguruma. Yakapanda kilima cha kwanza kwa mwendo wa kifalme, yakafika kileleni, na hapo lori la Kengele likasimama hewani kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. La Mnyamavu likapita katikati ya mwamba bila kubisha hodi. La Mhandisi likaenda kinyumenyume. Kisha milima yote ikaganda, na katikati ya kioo likaandikwa lile neno baya kuliko matusi yote: *Inaunganisha.* Ikaunganisha, ikaunganisha, ikakata tamaa. Mchezo ukaanguka.

"Hiyo moja," alisema Kengele kwenye simu ya pamoja waliyokuwa wakiongelea, kwa sauti iliyosikika mpaka uani.

Mwenyeji akainuka. Akavua hedifoni kama jemadari avuavyo kofia ya chuma, akaenda kuwatafuta maadui, na maadui walikuwa wengi, na wote ni ndugu zake wa damu.

Wa kwanza alikuwa mama yake, fundi cherehani, aliyekuwa sebuleni ameegemeza simu kwenye kopo la nyuzi, anaonana uso kwa uso na mteja wa mbali, wakijadili mikono ya gauni. Mwenyeji akasimama mbele yake, akanyoosha mkono, akahutubu.

"Ewe mama uliyenibeba miezi tisa, taa ya nyumba hii, sindano isiyopinda! Sikuombi dhahabu wala viatu vipya. Nakuomba uikate simu hiyo kwa kitambo kidogo tu, ili mwanao aokoe heshima ya ukoo huu mbele ya mataifa."

Mama hakuinua macho. "Ondoka juu ya kitambaa changu," alisema.

Mwenyeji akatazama chini. Ni kweli, alikuwa amekikanyaga, na kwa mguu ule usio na soksi.

Akarudi nyuma kwa mpangilio, akageukia chumba cha dada yake. Dada alikuwa akisomea uuguzi, na saa hiyo alikuwa akitazama somo la kufunga bandeji, huku akifanya mazoezi kwenye mguu wa meza. Kabla Mwenyeji hajamaliza utangulizi wa hotuba, dada alimwambia kwamba akiendelea atafungwa mdomo, na bandeji anayo. Akaenda kwa babu yake, aliyekuwa barazani akitazama kwenye simu mechi ya zamani, ambayo mabao yake yote aliyajua kwa dakika. Mwenyeji akamwuliza kwa upole mtu anatazamaje mechi ambayo anajua imeishaje. Babu akamjibu kwamba hata chai ladha yake anaijua, na bado huinywa; halafu akamtuma amletee.

Majemadari wengine wangesalimu amri. Huyu alipeleka chai, kisha akatumia hila. Akakiendea kile kisanduku cha mtandao kilichokuwa ukutani koridoni, akaingia ndani yake kwa simu yake, akabadilisha nenosiri. Na ili pasiwe na mtu wa nyumba hiyo atakayelikisia hata akikisia mwaka mzima, akachagua maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyahusisha naye: *nimeoshavyombo*.

Pakawa na maombolezo. Mteja wa mama alikatika akiwa anataja kipimo cha kiuno, alikwisha kusema "tisini na" na hakumaliza. Bandeji ya dada iliishia nusu ya mguu wa meza. Babu alilalamika kwamba penalti imepigwa na mpira haujafika. Naye Mwenyeji akapita kwa kila mmoja kama daktari wa zamu, uso umejaa huruma. Akagonga kisanduku kwa kidole, akakitegea sikio, akatoa uamuzi kwamba tatizo liko huko huko kwa kampuni ya mtandao, wanatengeneza, tuwe na subira. Mama alimshukuru. Haya yaandikwe pia: mama alimshukuru, naye akasema si kitu.

Basi akarudi ulingoni, akaandika nenosiri jipya kwenye kompyuta, akawaita wenzake. Sasa mtandao wote wa nyumba ulikuwa mali yake, kama mto unaomfuata mtu mmoja shambani. Malori yakaondoka. Yakapita kilima cha kwanza, na Mwenyeji akacheka kicheko cha washindi. Yakafika daraja la kwanza. Hapo lori la Mhandisi likaanza kutetemeka, likagawanyika likawa mawili, moja likaanguka mtoni na jingine likabaki likiangalia. *Inaunganisha.* Kimya. Mchezo ukaanguka mara ya pili.

"Hiyo mbili," alisema Kengele. "Dirisha hilo linaniita kwa jina."

"Mm," alisema Mnyamavu, nayo ilikuwa "mm" yenye uchungu.

Ndipo hofu ikamshika Mwenyeji mahali ambapo hofu hushika. Mama yuko nje ya mtandao, dada yuko nje, babu amelala. Nani aliyebaki? Mtu akikosa mwizi ndani ya nyumba humshika mpita njia, na mpita njia aliyekuwa karibu alikuwa ameketi juu ya ndoo.

"Ndugu zangu wa bweni moja," alianza, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko umri wake, "sipendi kusema, lakini ukweli ni mwiba, lazima utolewe. Lori lililotetemeka kwanza ni la nani? Msafara huenda kwa mwendo wa anayechechemea. Mimi nina mtandao wa nyumba nzima. Kuna mwenzetu ana mtandao wa kizingiti. Nasema hivi kwa kumpenda: apumzike raundi hii, tuone."

Kuku mmoja alisikika kwenye simu. Kisha Mhandisi akasema, polepole, "Huku kwangu naona kunashika vizuri tu. Lakini kama mnaona ni mimi, natoka. Msinikatie simu lakini. Nitasikiliza."

Akatoka. Kengele, kwa mara ya kwanza katika historia, hakupiga kelele.

Mwenyeji aliufunga mchezo ili auwashe upya, safi, kwa pambano la mwisho. Na ule mchezo, uliokuwa umejaa kioo kizima tangu mchana, ulipoondoka, ukafunua kilichokuwa nyuma yake. Palikuwa na kimstari cha kijani, chembamba, chenye bidii. Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, Mwenyeji alikuwa ameiagiza kompyuta hiyo hiyo impakulie mchezo mwingine, mpya, mkubwa kama ghala, akasahau. Kimstari hakikusahau. Kilikuwa kimenyonya mtandao tangu asubuhi. Na nenosiri lilipobadilishwa kikangoja kwa adabu, na alipoandika lile jipya kikarudi kazini kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini. Mtandao wote aliowapokonya mama, dada na babu alikuwa amekinywesha chenyewe.

Akakitazama kimstari. Kimstari kikasogea kidogo.

Palikuwa na njia mbili, na zote alizijua. Ya kwanza: aseme sasa hivi, amrudishe Mhandisi, na kitanda kimtoke, kwa maana alikwisha kumsingizia, na neno lilikwisha kuruka. Ya pili ilikuwa kimya. Shujaa wetu akafikiri kwa kina juu ya ukweli, juu ya urafiki, juu ya viatu vya vijana arobaini. Akakizima kimstari, na hakusema kitu.

Ah, lakini raundi ya tatu! Waimbaji wasiimbe nyingine. Malori matatu yaliteleza milimani kama maji juu ya jani, hakuna lililoganda, hakuna lililopita mwambani. Mnyamavu alifika wa kwanza. Kengele alifuata. Mwenyeji alifika wa mwisho akiwa na yai moja, nalo lina ufa. Lakini alifika! Mchezo ulianza na ukaisha, bila kuanguka, ndani ya nyumba ile, na jambo hilo halikuwa limetokea tangu kisanduku kitundikwe ukutani.

Akasimama juu ya kitanda. Hedifoni masikioni, ngumi juu, akaanza hotuba ya ushindi. Akawasimulia wenzake alivyoiteka nyumba nzima kwa neno moja. Jinsi mama alivyobaki na "tisini na". Jinsi alivyogonga kisanduku na kila mtu akaamini. Na lile nenosiri, akalitaja herufi kwa herufi, ili wacheke. Mwenye hedifoni masikioni hasikii mlango. Alipogeuka ili aelekeze hotuba upande wa pili, akawaona wamesimama kizingitini: mama na futi yake ya kupimia shingoni, dada na bandeji mkononi, babu na kikombe kitupu.

"Nimeosha vyombo," alisema mama, akilipima neno hilo kama kitambaa. "Shuka. Na hao wenzako wanasikia?"

Akachomoa hedifoni. "Shikamoo mama," ilisema simu, kwa sauti ya Kengele.

"Marahaba. Basi wasikie na yaliyobaki. Uso huo naujua. Kuna lingine."

Mama huyo hupima mtu kwa jicho tu na hakosei kiuno. Shujaa akashuka kitandani. Akaitazama soksi yake. Na hapo, mbele ya ukoo na mbele ya mataifa, nikafungua kinywa, nikasema...

Akafungua kinywa. Akasema.

Haya. Yaishe. Nikafungua. Mwenye soksi moja ni mimi, na msimulizi ni mimi, na kama nilimwita shujaa ni kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na mpango wa kumwita hivyo.

"Mhandisi," nilisema, "mtandao wako ulikuwa mzima. Uliokwama ni wa kwetu, na niliyekuwa nauvuta ni mimi, nilikuwa napakua mchezo mwingine. Nilijua kabla ya raundi ya tatu, nikanyamaza. Kitanda ni chako."

Kuku akasikika.

"Umekatika," alisema Mhandisi. "Rudia."

Nikarudia, kwa sauti zaidi, kila neno mahali pake.

"Nimesikia mpaka 'mtandao wako.' Baadaye panakwaruza. Hebu rudia pole pole."

Nikarudia mara ya tatu, pole pole, nimesimama wima, mama yangu akisikiliza, dada akitikisa kichwa, babu akinipa kikombe chake nikishike. Nilipofika kwenye neno "kitanda" nikasikia upande wa pili pumzi imebanwa, kisha ikapasuka, Kengele akicheka kama bati linalodondoka, na Mnyamavu, Mnyamavu yule yule, akasema maneno matatu mfululizo: "Anasikia, wewe mjinga."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na iandikwe kwamba siku ile mtandao wa nyumbani kwetu uliyasafirisha maungamo matatu hadi kwenye ndoo iliyopinduliwa, bila kudondosha hata silabi moja.