Malalamiko juu ya Mpiga Picha Aliyeangukia Meza ya Harusi ya Gesare

Zakaria Atuti,
Karibu na Kaplong,
S.L.P. Sotik.
Septemba, 1973

Kwa Mhariri, gazeti la Habari za Nyanda.

Bwana Mhariri mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini wewe na wenzako wa ofisini mko wazima, na hasa natumaini macho yenu ni mazima, maana juzi niliyatilia shaka. Ukurasa wa mbele mlichapisha nyayo za viatu vya Mzungu anayeanguka kutoka kwenye ndege, na mashamba yetu ya chai yakionekana huko chini. Mkaandika kwamba picha hiyo ni kazi ya "shujaa wa angani, Bwana Kipkemoi". Shujaa huyo namjua. Saa hiyo aliyokuwa akipiga picha viatu vya Mzungu, alitakiwa awe nyumbani kwangu akipiga picha harusi ya binti yangu Gesare. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze.

Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, ili asiyemjua asidhani namwonea. Kipkemoi alikuwa askari, na huko jeshini alifundishwa kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli. Alipoacha jeshi alifungua studio hapa Sotik, ile yenye pazia lililochorwa ziwa na bata. Alikuwa fundi wa heshima. Ukikohoa, alikungoja umalize. Ukisahau kufunga kifungo, alikufungia mwenyewe. Halafu mwaka jana kikaja chama cha watu kutoka Nairobi ambao huruka kutoka angani kwa kujifurahisha tu, bila vita yoyote. Kipkemoi akafunga kamera yake juu ya helmeti ya pikipiki kwa vipande vya mpira wa tairi, akajiunga nao. Tangu hapo, haoni kama mtu aliyesimama ardhini kwa miguu miwili anafaa kupotezewa filamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi yenyewe haina akili. Mtu anayeanguka kutoka mawinguni ana mambo mawili ya kufanya: avute kamba na amwite Mungu. Hawa wanaambiana watabasamu. Nilimuuliza Kipkemoi ni nani aliyemfundisha mtu kutabasamu akianguka. Akanijibu, "Mzee, huko juu uso wa mtu hausemi uwongo." Nikamwambia hata mtu anayekimbizwa na ng'ombe dume uso wake hausemi uwongo, na sijaona nyumba iliyotundika picha hiyo sebuleni.

2. Alikubali kazi mbili kwa siku moja. Chama chake kilikuwa kimealikwa kuruka kwenye maonyesho ya kilimo, Jumamosi ile ile ya harusi yetu. Niliposikia nilimwendea studio. Akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mzee. Nitafika. Hakuna anayefika haraka kuliko mimi." Mimi nikadhani ameazima pikipiki.

3. Aliharibu kiapo. Bwana Mhariri, elewa uzito wa siku hiyo. Sisi ni watu wa Kisii tuliohamia huku, na bwana harusi, Jonah, ni mtoto wa jirani yangu Mkipsigis, Mzee Bethwel. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba hizi mbili kuoana, na wako waliokuja kutazama tu kama tutaaibika. Nilitaka kila kitu kiende kwa utaratibu. Kanisa lilikuwa dogo, kwa hiyo ibada tuliifanyia uani kwangu. Pasta Onsongo akamuuliza Gesare kama anamkubali Jonah kuwa mume wake. Wakati huo huo ndege ikapita juu yetu na watu wawili, Kipkemoi na Mzungu wake, wakaanguka kutoka ndani yake. Gesare akainua macho akasema, "Mungu wangu!" Mzee Bethwel akaniinamia akanong'ona, "Sasa hiyo ni ndiyo ama ni hapana?" Ilibidi pasta arudie swali baadaye, na safari hii aliyekosekana ni Jonah, kwa sababu alikuwa amekimbia kumfungua Kipkemoi kamba.

4. Namna alivyotua. Mzungu aliangukia chai yangu, akavunja miche niliyoitunza kwa jasho, lakini angalau alivua helmeti akasema pole. Kipkemoi aliiangukia meza kuu. Alikaa ndani ya sinia la wali. Mwavuli wake ukawafunika wazee wote wa pande mbili, na Mama Syprose, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, akadhani Bwana amerudi. Humo gizani akaanza kutaja kwa sauti majina ya wanawake waliokaa na sufuria zake bila kuzirudisha. Wawili kati yao hawasalimiani naye mpaka leo. Na Kipkemoi, wali ukimtoka mifukoni, hakuuliza kama ameumiza mtu. Alishika kichwa chake na kuuliza, "Kamera iko sawa?" Kisha akaomba sahani.

5. Picha zenyewe. Alizileta kwa bahasha, akiwa amevaa tai. Nyingi zilikuwa ni za viatu. Kulikuwa na viatu kutoka mbele, viatu kutoka upande, na viatu na wingu. Kisha ikaja moja ya harusi, kutoka juu kabisa: watu wote ni kama punje zilizomwagika kwenye kitambaa cha kijani. Akaweka kidole. "Huyu hapa ni bibi harusi." Nikamuuliza, na huyu? Akaisogeza picha karibu na pua. "Huyo ni pasta. Ama ni mbuzi." Ya mwisho aliipiga akiwa chini, amefika usawa wa miti, na hapo kweli nyuso zinaonekana, na ingekuwa heri zisingeonekana. Watu wote wa heshima wa eneo hili wametazama juu midomo wazi, kama vifaranga wanaongoja kulishwa. Hakuna aliyesimama wima. Mimi, mzee wa kanisa, nimejificha nyuma ya shangazi yake Jonah. Hiyo ndiyo picha niliyotakiwa kuwaonyesha wakwe! Nilimrushia bahasha yake, nikamwambia asikanyage tena kwangu, kwa mguu wala kwa mwavuli.

6. Hatari kwa taifa. Mkiwasifu watu hawa, ugonjwa utaenea. Leo wanapiga picha za harusi kutoka juu, kesho watataka kupiga picha za mazishi kutoka chini. Walimu watapigwa picha wakitumbukia mtoni, na chifu akianguka kutoka kwenye paa la ofisi, ili uso wake usiseme uwongo. Kwa hiyo naiomba Serikali, kupitia gazeti lako, ipige marufuku kamera yoyote kupita kimo cha mtu mrefu aliyesimama juu ya kigoda. Na anayelazimika kuanguka nayo, basi aanguke pamoja na kiti na pazia, ili anayepigwa picha apate mahali pa kukaa kwa adabu.

Nategemea hekima yako, Bwana Mhariri. Wasalimie wachapaji, wauzaji wa gazeti na jamaa zao wote. Mke wangu Bilhah anawasalimu. Mzee Bethwel naye anawasalimu, ingawa anasema barua hii ni ndefu.

Ni mimi, msomaji wako mwaminifu,
Zakaria Atuti.

Nyongeza: Bwana Mhariri, barua hii ilikuwa bado mfukoni mwa koti langu ikingoja mtu anayekwenda posta, mama yangu mzazi, Kerubo, alipotuacha. Alilala, hakuamka. Alikuwa mzee sana. Maisha yake yote alikataa kamera. Akiiona alijifunika leso usoni, akisema wanaotaka kumwona waje wamwone. Tulipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, hatukupata hata moja.

Baada ya mazishi Gesare alinijia na ile picha ya vifaranga. Alikuwa ameichomoa kwenye bahasha kabla sijairusha, akaificha. Pembeni kabisa, karibu na mlango wa jiko, mama amekaa kwenye kiti chake. Leso imemwangukia mabegani. Ameinua uso wote juu, hana hata jino moja, na anacheka. Anacheka sana, Bwana Mhariri. Ni mdogo kama ukucha wa kidole, lakini ni yeye.

Kwa hiyo usiichapishe barua hii. Nakutumia tu kwa sababu studio ya Sotik imefungwa, na wewe ndiye unayejua Kipkemoi yuko wapi. Mwambie ile filamu asiitupe. Nataka uso wa mama ukuzwe, hata kama utatoka na ukungu. Na ukimwandikia, tafadhali usiseme Mzee Atuti anaagiza. Sema anaomba.