Tano Mfukoni, Ishirini Kwenye Unga

Jumatatu, 16 Juni

Mjukuu wa kiume! Baada ya wajukuu wanne wa kike, mwanangu Glodi amenipatia mwanaume. Kilo tatu na nusu, sauti kama honi ya kamiyo ya mizigo. Ataitwa Gaston, kama mimi. Nani mwingine?

Kumbe yuko mwingine. Tata Sadrack Mukuna, baba wa Chancelle, mke wa Glodi. Mwalimu mstaafu, mkazi wa Kasaji. Amepiga simu kutoa baraka, kisha akaongeza polepole kwamba hata yeye hajapata mjukuu wa kuchukua jina lake. Polepole! Mtu anayesema polepole ana haraka ya kitu. Na Glodi, badala ya kusimama na baba yake mzazi, akasema wazee tuelewane wenyewe, jina litatajwa Jumapili kwenye karamu.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Karamu inataka nyama. Bata wa porini wamejaa ziwa la Nzilo majira haya. Nikapendekeza twende kuwinda sote wawili, kila mtu na bunduki yake, na atakayerudi na bata wengi ndiye atoe jina. Mimi nina bunduki ya mitutu miwili ya marehemu baba, karatasi zake zote halali, na boksi zima la risasi. Yeye ana ya mtutu mmoja, kuukuu.

Akakubali papo hapo. Papo hapo! Kwa nini? Nimeshindwa kumaliza chakula.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwaga risasi kitandani, nikazihesabu mara mbili. Ishirini na tano. Nilitunza magazini, stoo ya mgodi, miaka thelathini na moja, na hakuna hata skrubu iliyotoka bila bon, hati yenye sahihi yangu. Swali la leo ni hili: kwenda majini nitoe ngapi?

Nikibeba zote, nimekwisha. Mkwe hanyimwi kitu. Ndivyo tulivyolelewa: mkwe akiomba shati, unavua. Sadrack atasema ameishiwa, nami nitampa nusu, kwa mikono miwili na tabasamu juu. Ataua bata kwa risasi zangu, halafu mjukuu wangu ataitwa Sadrack. Nikibeba tano tu, hataomba, maana hata mkwe huona haya kumwomba maskini. Lakini risasi tano ni bata wangapi? Jicho langu la kulia si lile la zamani, na la kushoto halijawahi kuwa kitu.

Saa nne asubuhi akapiga simu tena. Akauliza hali ya magoti ya mke wangu Domitille. Akauliza hali ya baridi. Akauliza hadi hali ya paroko, yeye Mprotestanti! Kisha ndipo akatoa lililomleta: "Tata Gaston, utabeba masasi ngapi? Miye niko na ine tu."

Nikamjibu nina za kutosha mtu mmoja. Akasema ni vizuri, Mungu ni mukubwa. Si nilisema? Mwenye risasi nne haulizi za mwenzake kwa wema.

Domitille amenikuta kitandani na risasi zimepangwa tano tano. Akasema nibebe zote, mtu na mkwe wake wagawane, na niache roho ya magazini. Mwanamke mzuri, lakini hajui vita.

Jumatano, 18 Juni

Nimepata dawa! Tano mfukoni, zionekane. Ishirini zifichwe.

Zifichwe wapi? Nilianza na buti, kumi kila mguu. Nimetembea hadi chooni na kurudi. Domitille akauliza kama nimekwisha kuwaua bata au nimegeuka mmoja wao. Nikajaribu ndani ya redio. Haikumeza hata sita, na sasa inakamata stesheni moja tu, ya nyimbo za Kichina.

Mwisho: unga! Mfuko wa kilo kumi wa unga wa mahindi, wa kusongea bukari yangu ya safari. Nimefunga risasi ndani ya plastiki na kuzizika chini kabisa, kisha nikasawazisha juu kwa kiganja. Mkwe akikosa risasi nitamwonyesha mfuko wa koti umebaki mtupu, nitasikitika naye, kisha nitarudi kibandani kama mtu anayekwenda kuangalia chakula. Nani atatafuta risasi kwenye unga? Nimejizawadia bia moja.

Alhamisi, 19 Juni

Sadrack amefika na moto, yaani pikipiki, kutoka Kasaji, mwekundu wa vumbi toka kofia hadi viatu. Ameleta chupa mbili za asali na uyoga mkavu. Hakuleta unga. Nimeliona hilo. Asali ya nini lakini? Nimetikisa chupa zote mbili, nimezitazama juani. Ni asali.

Begi lake ni zito mno kwa mtu wa siku tatu. Alipokwenda kuoga nikalifungua. Soksi, kitabu cha nyimbo, risasi nne, Biblia. Nne kweli. Lakini Biblia ilikuwa nene kupita kiasi. Nikaipekua ukurasa kwa ukurasa nione kama imetobolewa katikati. Nilikuwa nimefika Hesabu, Domitille akaingia. Alishika kifua kwa furaha. Kabla ya jua kuzama wamama wote wa parokia wamejua kwamba Tata Gaston ameanza kusoma Maandiko, na wawili wamepita kunipongeza.

Biblia haikuwa na kitu. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, 20 Juni

Nzilo. Muamba, mvuvi wa hapa, ametukodisha mitumbwi miwili na vibanda viwili vya nyasi. Vibanda viwili kwa sababu mtu na mkwe wake hawalali chumba kimoja wala hawatii mkono kwenye sahani moja. Kila mmoja na moto wake wa kupikia. Mpangilio mzuri. Niliona unga wangu uko salama.

Jioni, balaa. Sadrack akaja, akasimama mbali kwa heshima, akapiga makofi taratibu, akaomba unga kidogo wa bukari yake. Wa kwake alisahau nyumbani. Alisahau! Nikaingia kibandani, nikachota vikombe vitatu kwa uangalifu mkubwa, nikatoka navyo.

Tshibola, mke wa Muamba, akashika kichwa. "Yoo, Tata! Ku mukwe habapimake! Unapimia mukwe bunga sawa vile kuku?"

Muamba akakohoa. Wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu wakageuka kunitazama, na sindano zikasimama. Nifanye nini? Nirudi nyumbani Kolwezi niitwe yule aliyempimia mkwe unga? Nikaingia tena, nikatoka na mfuko mzima, nikaukabidhi kwa mikono miwili na tabasamu juu. Sadrack akainama hadi magotini. Alipoupokea, mikono yake ilishuka kidogo kwa uzito. Nililiona hilo pia.

Nimekula samaki bila bukari. Sina wasiwasi. Mzee wa miaka sitini na sita anakula vikombe viwili, chini hatafika. Kesho nitautwaa mfuko kwa hila.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi mkwe amepita mbele ya kibanda changu, akasimama, akaweka mkono kifuani, akanitazama kwa macho ya machozimachozi, akaenda zake bila neno. Macho ya mtu mwenye hatia! Mfuko sikuupata. Kuingia kibanda cha mkwe ni mwiko, na Tshibola alikuwa anafagia pale mlangoni tangu alfajiri.

Tukaingia majini, yeye kushoto kwa matete, mimi kulia na Muamba. Nikapiga. Ya kwanza, maji. Ya pili, maji. Ya tatu, kafi la Muamba. Ya nne hatujui ilikokwenda. Ya tano, bata! Mnono, akalala palepale. Alikuwa wa Muamba, wa kufugwa. Nimemwachia buti zangu kama fidia, na nimerudi na kandambili.

Upande wa pili wa matete: puu! Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Basi, nikasema moyoni, sasa avue samaki. Tano! Sita! Nikasimama mtumbwini, Muamba akapiga kelele nikae tusizame. Kumi! Kumi na tano! Mwalimu mzima, mtu wa Biblia nene, kumbe alificha risasi! Ni binadamu gani anayemficha mkwe wake risasi? Nimechukizwa na udanganyifu huo kutoka ndani ya roho.

Jumla ishirini na nne. Bata kumi na saba.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, Tshibola akaniletea mfuko wangu wa unga. Mtupu, umekung'utwa, umekunjwa pembe nne. Nikahesabu kwa vidole. Nne zake, ishirini zangu, ishirini na nne. Si mwongo tu. Ni mwizi!

Lakini nikidai, nitaulizwa risasi zilifuata nini kwenye unga. Njia nzima nyuma ya moto nimewaza, na vumbi mdomoni. Nimepata. Kesho, mbele ya watu wote, nitauliza swali moja tu la kistaarabu: mtu mwenye risasi nne alipigaje ishirini na nne? Basi. Ajieleze mwenyewe. Mtoto hapewi jina la mwizi.

Jumapili, 22 Juni

Watu hamsini uani. Bata wameiva, harufu imefika hadi barabara ya lami. Chancelle amekaa katikati na mtoto. Glodi akasema babu wa bata kumi na saba asimame, aseme jina.

Nikasimama mimi kwanza. Nikauliza swali langu, kwa sauti, kama nilivyolipanga. Paroko akaweka kijiko chini. Glodi akanikazia macho, na Chancelle akamvuta mtoto kifuani.

Sadrack akainuka, machozi tayari. Akasema alitaka kunyamaza, kwa kuwa mwenyewe nilipenda jambo liwe siri, lakini sasa nimemwamuru mbele ya watu. Akaeleza. Ijumaa jioni, alipopewa mfuko mzima, aliona si vema ale peke yake, akawagawia wavuvi wote. Chini ya mfuko akakuta masasi makumi mbili. Akakumbuka aliniambia kwenye simu kwamba ana nne tu. Kumbe Tata Gaston amejibakizia tano, amempa mkwe wake ishirini, na amezificha ndani ya unga ili mkwe asione haya ya kupokea wala asipate nafasi ya kukataa!

"Miye nilifundisha myaka makumi tatu na tano," akasema, "shiyaonaka muntu wa roho sawa uyu. Bata ni yake. Mutoto aitwe Gaston."

Vigelegele! Wamama wakaimba. Wanaume wakapanga mstari kunishika mkono. Paroko akasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na wote wakanitazama. Kisha Chancelle akaniwekea mtoto mikononi, Gaston mdogo, mzito na mwenye joto, na mimi nikalia. Lazima niandike ukweli. Nililia kwa furaha na kwa haya, na sijui ipi ilitangulia. Kwa muda kama wa kusema Baba Yetu mara moja, nilimpenda Sadrack Mukuna.

Domitille hakulia. Alinitazama, akautazama mfuko mtupu uliokuwa kwenye kamba, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilimsikia akicheka hadi akakosa pumzi.

Sasa wageni wamekwenda na akili imenirudia. Kwa nini ametoa jina kirahisi hivyo? Alishinda, kumi na saba kwa sifuri! Hakuna mtu anayetupa jina bure. Nimewaza mpaka nimeligundua: Chancelle bado kijana, atazaa tena. Sadrack anamngojea mvulana wa pili! Atakayekuwa mnene zaidi, bila shaka, na mwenye akili. Ndiyo maana kabla ya kupanda moto alinialika Kasaji mwezi wa nane, tuwinde bata wa mabwawa ya kwao. Eti kunishukuru.

Nitakwenda. Nimekwisha kumtuma Glodi anitafutie boksi jipya. Tano mfukoni, zionekane. Unga sigusi tena, maana mtu mwenye akili hafanyi kosa moja mara mbili. Zile ishirini nitazizika kwenye mfuko wa chumvi. Nani duniani aliwahi kumwomba mwenzake chumvi?