Vipande Thelathini na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Naomba radhi, daftari langu. Miezi minne bila hata mstari! Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekukalia tu: uliteleza chini ya mto wa kiti, nami sikukuhisi tangu Novemba.

Sasa kuna jambo. Mke wangu, fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili sasa, anaomba kazi ya kufundisha ushonaji katika chuo cha ufundi. Fomu yake ina kurasa nne, imo ndani ya kompyuta yetu, na mwisho wa kuituma ni Alhamisi saa sita mchana. Ameitamani kazi hii tangu tuoane. Mwakani atakuwa amepita umri.

Nami nimesoma gazetini kwamba virusi vya kompyuta huingilia kwenye vipande vya programu vilivyochakaa. Dawa ni kuvizima. Nikamwita fundi wa kompyuta. Akazima vitatu: cha kuchezea video za zamani, cha kusomea nyaraka ndani ya mtandao, na kile kinachoruhusu viambatisho vya barua vijiendeshe vyenyewe. Akasema vinatosha. Vitatu! Nimekuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini. Sijapata kuona shule yenye wavivu watatu tu.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi imeingia barua pepe: eti kuna mzigo wetu unasubiri, tufungue kiambatisho. Mke wangu akakifungua kabla sijamzuia. Hakuna kilichotokea. Akaifuta barua, akaenda sokoni.

Nikachukua wino mwekundu. Nikaorodhesha kila kipande na kukipa alama. Kipimo changu: kilirekebishwa lini mara ya mwisho? Kisichojiendeleza mwaka mzima, sifuri. Vilivyofeli: ishirini na vinane. Kimojawapo kilikuwa cha kibodi. Miaka sita bila marekebisho! Uzembe wa wazi. Nikakizima. Cha mwisho kilikuwa cha kipanya. Nilikizima kwa kutumia kipanya chenyewe. Kilitii mpaka dakika ya mwisho.

Kompyuta sasa ni salama kabisa. Hata mimi siwezi kuingia.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza mke wangu mafanikio hayo. Akaniuliza mara mbili kama fomu yake imo humo. Nikakiri kwamba imo, na inalindwa vizuri. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

“Baba watoto,” akasema, “hiyo kazi ni yangu. Usinizikie ndani ya sanduku.”

Nikapendekeza tuibebe kompyuta nzima hadi chuoni, wakaisomee huko. Akampigia fundi simu. Fundi naye akasema hana nafasi mpaka kesho. Basi mke wangu akaamua kwenda kuijaza fomu upya kwa jirani, mpima ardhi mstaafu, anayetangaza mtaa mzima kwamba kompyuta yake haijawahi kuzimwa chochote. Nilimkataza. Alikuwa ameshafika kwenye lango.

Amerudi mikono mitupu. Jirani naye aliletewa barua ya mzigo, akafungua kiambatisho, na mafaili yake yote yamefungwa. Ramani za miaka kumi! Namwomba Mungu anisamehe kwa furaha niliyoipata. Nimekwenda kumpa pole. Nimemkumbusha kwamba ukiona mwenzako ananyolewa, nawe tia chako maji. Akaniambia kwamba anayenyolewa ni yeye, kwa hiyo maji nikajitie mimi. Mtu mkorofi, hata msibani.

Ila nimerudi nyumbani nikamkuta mke wangu akinoa mkasi ambao ulikuwa mkali tayari. Sikula.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi amefika saa nne. Amechomeka kibodi yake na diski ndogo, akarudisha mipangilio ya Jumatatu. Kipanya kimefufuka. Fomu ilikuwamo, kurasa zote nne.

Kisha fundi akatuambia jambo. Barua iliyomfunga jirani ndiyo ile ile aliyoifungua mke wangu. Kwetu haikupata pa kupitia, kwa sababu vile vitatu vilikuwa vimezimwa. Kwa hiyo nilisema kweli! Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu harusi.

Saa sita kasoro dakika kumi akabonyeza. Fomu ikaenda. Akalia kidogo, akacheka, akaniambia nichemshe chai. Nikachemsha.

Fundi ameongeza kwamba vile ishirini na vinane havikuwa na kosa lolote. Nimelichukulia hilo kuwa ni unyenyekevu wake.

Jumamosi, 8 Machi

Chuo kimejibu! Mke wangu amo miongoni mwa watano waliobaki. Watampigia simu wakishaamua.

Maana yake, mlango sasa ni simu yake. Jana, alipokuwa akipima wateja, nilizuia namba zote ngeni. Tapeli gani atapenya? Leo nimemweleza. Hakushtuka hata kidogo. Akasema kwamba kwenye fomu aliandika namba ya dada yake.

“Nakujua, mume wangu,” akasema, akaendelea kupinda suruali.

Mwanamke mwenye busara. Lakini shemeji huyo ana simu ya zamani mno, na hakuna aliyewahi kuikagua. Nakwenda kwake mchana huu huu. Chuo kikikata shauri, nitakuandikia.