Wimbo Niliomchagulia Meya

Jumatatu, 4 Machi
Mhariri kaniita. Ukurasa wangu wa muziki hausomwi, kasema; hata wauza karanga hawaufungii karanga. Usipovuma kufikia Jumamosi, anapewa yule mwandishi wa michezo. Yule! Aliyeniuliza juzi kama bendi nayo ina refa.
Nimepata mbinu. Alhamisi meya anazindua tangi la maji. Nitausifu wimbo mmoja, nimshauri aupige siku hiyo, naye atanishukuru hadharani.

Jumanne, 5 Machi
Wimbo nimeupata ukutani, kama kawaida yangu: kinyozi wa jirani hupiga nyimbo zote mpya, nami huegemea ukuta nikiandika. Beti mbili za mpenzi anayesubiriwa. Mtamu! Kisha kinyozi akauzima. Akishika wembe hataki mteja atikise kichwa. Si neno. Nimeandika: wimbo wa subira na mapenzi, unaomfaa kiongozi wetu.

Jumatano, 6 Machi
Ukurasa umechapishwa. Ofisi ya meya imepiga simu, wimbo wameukubali. Yule wa michezo kanuna. Asante, Mungu!

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Kumbe una ubeti wa tatu. Mpenzi anayesubiriwa ni maji, na aliyemficha ni meya! Umati wote uliujua, ukaupokea kwa sauti kubwa kuliko spika. Meya kashika bomba, tabasamu limemkauka. Mama mmoja akamuuliza mheshimiwa, huyo mpenzi, shemeji yetu, kamfungia wapi. Bomba likafunguliwa. Likakohoa hewa.
Nilijificha nyuma ya spika. Nikajikuta naimba.

Ijumaa, 8 Machi
Sikwenda kazini, kazi gani tena? Asubuhi mke wangu akanivuta mguu: baba watoto, amka, bomba la jikoni linatoa maji! Tangu tumzike mama yake hajawahi kuimba. Leo kaimba, tena ubeti ule ule, ndoo ikifurika na yeye hana habari. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza. Nikamshukuru Mungu.

Jumamosi, 9 Machi
Kumbe meya kaona aibu, kafungulia maji mji mzima; gazeti limegombaniwa mitaani! Mhariri kasema ukurasa ni wangu, akausifu ujasiri wangu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hata yule wa michezo kanipa mkono, Mungu ambariki. Nikaenda kumshukuru kinyozi. Akacheka mpaka akaweka mkasi chini, akauliza kwa nini sikugonga tu mlango nikaomba aumalize.
Swali la ajabu. Nina haraka mie: Jumanne anakuja waziri wa barabara, na wimbo wake nimeshausifu. Kiitikio chake nimekisikia karibu chote!